Hoja ya Taifa, Sauti ya Pembezoni: Uhakiki wa Michango ya David Kafulila kuhusu Akaunti ya Escrow ya Tegeta, Ikisomwa kutoka Kasulu na Kibondo

Ikisiri

Makala haya yanahakiki michango ya David Kafulila, Mbunge wa Kigoma Kusini katika Bunge la Kumi (2010–2015), kuhusu fedha za Akaunti ya Escrow ya Tegeta. Michango hiyo inachukuliwa kuwa matini ya balagha, na inasomwa kutoka nyanda za juu za Kigoma, yaani Kasulu na Kibondo. Huko ndiko wapigakura walikochagua wabunge wa chama kimoja na Kafulila mwaka 2010, na ndiko umeme wa gridi ya Taifa ulikokuwa haujafika wakati mjadala ukiendelea. Makala yanadai kwamba michango hiyo ilifaulu pale ilipodai uchunguzi badala ya kutoa hukumu, na ilipungua nguvu pale swali la mkataba lilipogeuka kuwa swali la mwizi. Aidha, yanaonesha kwamba mgawanyo uliozoeleka kati ya hoja za kitaifa na hoja za jimbo hautoshi kuipima kazi ya mbunge wa pembezoni.

1. Utangulizi

Mbunge wa Tanzania hupimwa kwa mizani mbili. Mizani ya kwanza ni ya nyumbani: barabara, maji, zahanati, madawati na bei ya mazao. Mizani ya pili ni ya Taifa: bajeti, mikataba, deni la nchi na uwajibikaji wa viongozi. Ibara ya 63(2) ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inalipa Bunge mamlaka, kwa niaba ya wananchi, ya kuisimamia na kuishauri Serikali. Ibara hiyo haisemi kwamba mbunge wa mbali asimamie kidogo na mbunge wa karibu asimamie zaidi. Hata hivyo, katika mazoea ya siasa, mbunge anayetoka wilaya yenye barabara ya vumbi hutarajiwa kwanza aombe barabara. Akisimama kuzungumzia Benki Kuu, huulizwa amewaachia nani shida za kwao.

Katika Mkoa wa Kigoma, swali hilo lina uzito wa ziada. Waha wa Kasulu na Kibondo ni raia ambao uraia wao umekuwa ukitiliwa shaka mara kwa mara kwa sababu ya ujirani wao na Burundi, ukaribu wa lugha ya Kiha na Kirundi, na historia ndefu ya kambi za wakimbizi katika eneo hilo. Msafiri anayetoka Kibondo kwenda mikoa mingine amezoea kuombwa athibitishe kwamba ni Mtanzania. Kwa hiyo, mbunge wa Kigoma anaposimama na kusema juu ya fedha za Taifa kwa sauti ya mwenye mali, kauli yake hubeba maana ya pili isiyotamkwa: kwamba anayesema ni mwenye nyumba, wala si mgeni aliyekaribishwa sebuleni.

Makala haya yamechagua michango ya Kafulila ya mwaka 2014 kwa sababu mbili. Kwanza, ni mfano adimu ambapo mbunge wa kiti cha nyuma, kutoka chama kidogo cha upinzani, aliibua jambo lililoishia kwa maazimio ya Bunge zima. Pili, jambo lenyewe lilihusu umeme, bidhaa ambayo uhaba wake uliujua usiku wa Kasulu na Kibondo kuliko hoja yoyote ya kitabuni. Swali linaloongoza uhakiki huu ni hili: je, hoja hiyo ya Taifa ilikuwa pia hoja ya nyanda za juu za Kigoma, na kama ilikuwa, kwa nini haikusikika hivyo?

2. Usuli wa Matini

2.1 Wabunge wanne wa Kigoma

Katika Uchaguzi Mkuu wa mwaka 2010, chama cha NCCR-Mageuzi kilipata viti vinne vya majimbo katika Bunge, vyote kutoka Mkoa wa Kigoma. Moses Machali alichaguliwa Kasulu Mjini, Agripina Buyogera Kasulu Vijijini, Felix Mkosamali Muhambwe katika Wilaya ya Kibondo, na David Kafulila Kigoma Kusini, jimbo linalopakana na Kasulu na ambalo eneo lake liko leo katika Wilaya ya Uvinza. Majirani zao wa Buyungu na Manyovu walibaki na wabunge wa Chama Cha Mapinduzi.

Jina la Muhambwe, kama lile la Buyungu, ni jina la himaya ya kale ya Buha. Karatasi ya kura ya huko ilibeba jina la mamlaka ya zamani, na wapigakura wake wakalikabidhi kwa mmoja wa wabunge vijana kabisa wa Bunge hilo. Ukweli kwamba viti vyote vya majimbo vya chama hicho vilitoka mkoa mmoja ulikuwa na athari mbili. Uliwafanya wabunge hao waonekane kama kundi la mkoa hata walipozungumzia nchi nzima. Wakati huohuo, uliwanyima nguvu ya idadi: mtu mwenye wenzake watatu hawezi kushinda kura yoyote bungeni, na hivyo hubaki na silaha moja tu, nayo ni maneno.

2.2 Mkataba, akaunti na mitambo

Mwaka 1995 Shirika la Umeme Tanzania, TANESCO, liliingia mkataba wa miaka ishirini na kampuni ya IPTL wa kununua umeme wa mitambo ya megawati 100 iliyojengwa Tegeta, Dar es Salaam. Kiini cha mkataba kilikuwa malipo ya uwezo wa mitambo: TANESCO ililipa kiasi fulani kila mwezi kwa sababu mitambo ipo na iko tayari, iwe imezalisha umeme au haikuzalisha. Ugomvi kuhusu kiwango cha malipo hayo ndio uliosababisha mwaka 2006 kufunguliwa kwa akaunti maalumu katika Benki Kuu, ili fedha zinazobishaniwa zikae humo hadi ugomvi utakapokwisha.

Mwishoni mwa mwaka 2013, kufuatia uamuzi wa Mahakama Kuu wa mwezi Septemba uliohusu mambo ya IPTL, fedha hizo zilitolewa na kulipwa kwa kampuni ya PAP, iliyojitambulisha kuwa mmiliki mpya. Februari 2014, baraza la usuluhishi wa migogoro ya uwekezaji la kimataifa liliamua kwamba kiwango cha malipo kilipaswa kukokotolewa upya. Kwa maneno mengine, fedha zilikuwa zimekwishatoka kabla ya hesabu kukamilika. Katika mkutano wa bajeti wa mwaka huohuo, Kafulila alilibeba jambo hilo bungeni na kudai lichunguzwe. Serikali ilikubali suala lipelekwe kwa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali na kwa TAKUKURU. Tarehe 26 Novemba 2014, Kamati ya Hesabu za Serikali, chini ya uenyekiti wa Zitto Kabwe, mwana mwingine wa Kigoma, iliwasilisha taarifa yake, na tarehe 29 Novemba Bunge likapitisha maazimio manane.

2.3 Kasulu na Kibondo mwaka 2014

Mwaka huo miji ya Kasulu na Kibondo haikuwa katika gridi ya Taifa. Umeme wake ulitoka katika mitambo midogo ya dizeli ya TANESCO, na dizeli hiyo ilisafirishwa kwa malori kupitia barabara ambazo wakati wa masika hugeuka utelezi. Sehemu kubwa ya njia kuu kutoka Nyakanazi kupita Kibondo na Kasulu ilikuwa haijawekwa lami. Gridi ilifika miaka minane baadaye, mwaka 2022. Taarifa hizi zinaweza kuonekana kuwa za kijiografia tu, lakini katika uhakiki huu ni sehemu ya muktadha wa matini, kwa kuwa hadhira ya nyumbani ilisikiliza mjadala wa mabilioni ya umeme ikiwa nje ya mfumo uliokuwa ukijadiliwa.

3. Matini na Mkabala

Chanzo cha msingi cha uhakiki wa usemaji wa bungeni ni Taarifa Rasmi ya Majadiliano ya Bunge. Matini hii ina tabia zake. Hunakili maneno, lakini hutupa kiimbo. Huandika makofi na vicheko katika mabano, lakini haisemi ni upande gani uliopiga makofi wala kicheko kilikuwa cha furaha au cha dhihaka. Hurudia anwani ya heshima kwa Spika au Mwenyekiti kila baada ya sentensi chache, anwani ambayo kwa msomaji huonekana kuwa kikwazo, ilhali kwa msemaji ni pumzi: mahali pa kutulia, kukusanya wazo na kujikinga. Mbunge anayemshambulia waziri hasemi naye. Husema na Spika juu ya waziri. Utaratibu huu wa kumwelekea mtu wa tatu ndio unaoruhusu ukali bila ugomvi, na unapovunjwa, msomaji hujua kwamba joto limepanda.

Uhakiki huu unatumia mkabala wa balagha katika vipengele vyake vitatu vinavyofahamika tangu Aristotle: hadhi ya msemaji, hisia za hadhira na mantiki ya hoja. Unaongeza kipengele cha nne, ambacho mazingira ya Kigoma yanakidai, nacho ni mahali pa kusikilizia. Hotuba moja ina hadhira tatu: waliomo ukumbini Dodoma, wanaosikiliza kupitia redio na televisheni nchi nzima, na wale wa nyumbani wanaojua sauti ya msemaji na lafudhi yake. Mwaka 2014 matangazo ya moja kwa moja ya vikao yalikuwapo bado. Yalipunguzwa kuanzia Januari 2016. Kwa hiyo hadhira ya tatu ilisikia jambo lilipokuwa likitendeka, na haikusubiri muhtasari wa gazeti.

4. Uchambuzi

4.1 Nguvu ya kudai uchunguzi

Katika michango ya Kafulila kuna vitendo viwili vya usemi ambavyo mara nyingi huchanganywa. Cha kwanza ni kushutumu. Cha pili ni kudai uchunguzi. Mashabiki wake walikumbuka cha kwanza, kwa sababu kina joto. Uhakiki huu unaona kwamba ushindi wake wote ulitokana na cha pili.

Mantiki yake ni hii. Kanuni za Bunge zinakataza kusema uongo bungeni, na kiti kinaweza kumtaka mbunge athibitishe alichosema au akifute. Mbunge wa upinzani asiye na wizara, asiye na jalada na asiye na wataalamu wa kumwandalia hati yumo katika hatari kila anapotamka jambo kwa uhakika. Anayeshutumu hubeba mzigo wote wa ushahidi peke yake. Anayedai uchunguzi huugeuza mzigo huo. Hahitaji kuonesha kwamba fedha zimeibwa. Inatosha aoneshe kwamba zimetoka, kwamba ugomvi uliozifanya zitunzwe haukuwa umekwisha, na kwamba hakuna chombo huru kilichotazama. Mambo hayo matatu yaliweza kuthibitishwa kwa kumbukumbu zilizokuwapo. Kuanzia hapo, anayekataa uchunguzi ndiye anayetakiwa kueleza anaficha nini.

Takriri ilikuwa mbinu ya pili. Msemaji hakulisema jambo mara moja na kulitua. Alilirudia katika vikao na nje ya vikao hadi jina la Escrow, neno geni kwa Watanzania wengi, likawa neno la mitaani. Katika fasihi simulizi, takriri huhifadhi ujumbe dhidi ya usahaulifu. Bungeni ina kazi nyingine ya ziada: huzuia jambo lisizikwe na ratiba. Bajeti ya wizara hujadiliwa, hupigiwa kura na kupita, na kesho yake Bunge limehamia wizara nyingine. Mbunge anayerudi na jambo lilelile wakati wengine wameshahama huonekana msumbufu. Usumbufu huo ndio aina pekee ya uwezo aliyokuwa nayo.

Mbinu ya tatu ilikuwa matumizi ya tarakimu, nayo ilikuwa na faida na hasara. Kiasi cha shilingi bilioni 306, kilichotumika sana katika mjadala wa Novemba, kiligeuka kuwa nembo. Tarakimu hiyo iliwapa wananchi kitu cha kushika. Lakini tarakimu kubwa isiyofunganishwa na kitu kinachopimika nyumbani hubaki kelele ya kustaajabisha. Msikilizaji wa soko la Kasulu aliijua bei ya lita ya dizeli na bei ya gunia la mahindi. Bilioni 306 hakuwa na kipimo chake. Mjadala ulimpa ukubwa wa fedha na kumwacha bila uwiano. Hapa mantiki iliikabidhi kazi yake hisia, na hisia, kama inavyojulikana, hukimbilia kutafuta uso wa mtu.

4.2 Tumbili na mwizi

Mwishoni mwa Juni 2014, katika majibizano yaliyosikika nchi nzima, Mwanasheria Mkuu wa Serikali wa wakati huo, Jaji Frederick Werema, alitumia msemo unaomtaja tumbili akimlenga Kafulila. Kafulila akajibu kwa neno mwizi. Ukumbi ulichafuka. Kwa wengi, tukio hilo ni mzaha wa Bunge. Kwa mhakiki, ni mahali ambapo mfumo mzima wa usemi ulifunuka.

Msemo na neno tupu havina nguvu sawa. Anayetumia msemo hujificha nyuma ya wahenga: maneno si yake, ni ya kale, naye ameyaazima tu. Anayetukanwa kwa msemo akikasirika, huonekana amejitambua mwenyewe. Ndiyo maana msemo ni silaha ya mkubwa dhidi ya mdogo, na umri na cheo humpa mkubwa ruhusa ya kuutumia. Mdogo hana msemo wa kujibu uliokubalika kwa kiwango hichohicho. Kafulila, kijana wa chama kidogo, alijibu kwa nomino moja isiyo na pazia. Nomino hiyo ilivunja heshima ya ukumbi, lakini ilivunja pia ule ukuta ambao msemo ulikuwa umeujenga.

Hata hivyo, uhakiki hauwezi kuishia katika kushangilia ujasiri. Neno mwizi lilikuwa na gharama mbili. Gharama ya kwanza ni ya kibalagha: lilimrudisha msemaji katika nafasi ya mshutumu, nafasi ambayo dai la uchunguzi lilikuwa limemtoa. Gharama ya pili ni ya kimaudhui, nayo ni kubwa zaidi. Mwizi ni mtu. Mkataba si mtu. Mara swali lilipoulizwa kwa lugha ya wizi, jibu lililotarajiwa likawa orodha ya majina, na mafanikio ya Bunge yakaanza kuhesabiwa kwa idadi ya walioondoka ofisini. Werema alijiuzulu Desemba 2014. Profesa Anna Tibaijuka aliondolewa katika uwaziri mwezi huohuo. Profesa Sospeter Muhongo alijiuzulu Januari 2015. Wafanyabiashara wawili waliohusishwa na IPTL walifikishwa Mahakama ya Kisutu Juni 2017. Kila tukio lilipokewa kama jibu la swali. Lakini swali la jinsi nchi inavyoweza kufungwa kwa miaka ishirini kulipia mitambo hata isipowaka halikuwa limejibiwa na lolote kati ya hayo.

4.3 Kisichotamkwa: dizeli ya Kasulu na Kibondo

Hapa ndipo mahali pa kusikilizia panapobadili usomaji. Mjadala wa Novemba 2014 uliendeshwa kwa msamiati wa umiliki. Swali kuu lilikuwa: fedha ni za umma au ni za IPTL? Wabunge wa pande zote waliligombania swali hilo kwa siku kadhaa. Ni swali halali, lakini lina kasoro moja: mwananchi asiye na umeme halimgusi isipokuwa kama mlipa kodi wa kufikirika.

Swali la uwezo wa mitambo lingemgusa moja kwa moja. TANESCO ilikuwa shirika moja lenye mfuko mmoja. Upande mmoja wa mfuko huo ulilipia utayari wa mitambo ya Tegeta; upande mwingine ulinunua dizeli ya kuwasha miji iliyo nje ya gridi, ikiwamo Kasulu, Kibondo na Kigoma Mjini. Shilingi iliyofungwa na mkataba wa Tegeta haikuweza kununua waya wala nguzo ya kuelekea Nyakanazi. Kusema hivyo si kudai kwamba fedha za Escrow peke yake zingeifikisha gridi Kibondo. Ujenzi wa njia za umeme hutegemea mikopo, mipango na vipaumbele vingi. Ni kusema kwamba uhusiano wa kimantiki ulikuwapo, uko mikononi, na ungeweza kutamkwa kwa sentensi mbili na mbunge yeyote kati ya wanne waliotoka mkoa huo.

Maazimio manane ya Bunge yanathibitisha pengo hilo. Yalihusu uwajibikaji wa viongozi, uchunguzi wa vyombo vya dola, majaji, mabenki, mapitio ya mikataba ya umeme na hatima ya mitambo ya IPTL. Hakuna azimio lililozitaja wilaya zilizo nje ya gridi. Hoja iliyoibuliwa na mbunge wa Kigoma iliishia katika hati ambamo Kigoma haimo.

Je, hili ni kosa la msemaji? Jibu linahitaji uangalifu. Mbunge wa pembezoni anayezungumzia jambo la Taifa hukabiliwa na mtego. Akilitaja jimbo lake, huambiwa kwamba hoja yake ni ya kuomba, na ukubwa wake hupungua. Akiliacha, husikika kama mbunge wa Taifa, lakini hurudi nyumbani mikono mitupu. Waha wanaujua mtego huu kwa historia ndefu. Katika enzi za ukoloni, Kasulu na Kibondo zilikuwa ghala la manamba wa mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro: watu walichukuliwa kutoka huko ili kujenga uchumi wa kwingine, na nyumbani kukabaki nyuma. Kuiacha Kigoma nje ya hoja ili hoja ikubalike Dodoma ni mwendelezo wa mantiki hiyohiyo katika uwanja wa maneno. Nguvu hutolewa pembezoni, na zao lake huhesabiwa kwingine.

5. Pingamizi Mbili

Pingamizi la kwanza linahusu ukweli wa madai yenyewe. Tarehe 22 Desemba 2014, Rais Jakaya Kikwete, akihutubia wazee wa Dar es Salaam, alieleza msimamo wa Serikali kwamba fedha zile hazikuwa za umma, isipokuwa sehemu iliyohusu kodi. Kampuni zilizohusika nazo zilimfungulia Kafulila kesi ya madai. Kwa hiyo inaweza kudaiwa kwamba michango inayohakikiwa ilisimama juu ya msingi wenye ubishi. Uhakiki huu haulikwepi pingamizi hilo. Unachodai ni kwamba ubishi juu ya umiliki hauathiri uhalali wa dai la uchunguzi. Kama fedha zilitunzwa kwa sababu hesabu haijakamilika, basi kuuliza kwa nini zimetoka kabla ya hesabu ni swali sahihi, jibu liwe lolote. Ni shutuma, wala si dai la uchunguzi, inayotikiswa na kauli ya Rais. Tofauti iliyooneshwa katika sehemu ya 4.1 ndiyo inayomkinga msemaji, na ni ajabu kwamba yeye mwenyewe hakuitumia kinga hiyo kila mara. Ibara ya 100 ya Katiba inalinda uhuru wa majadiliano ndani ya Bunge, lakini haiwezi kuilinda hoja dhidi ya udhaifu wake yenyewe.

Pingamizi la pili linahusu mwendo wa baadaye. Katika Uchaguzi Mkuu wa mwaka 2015, NCCR-Mageuzi ilipoteza viti vyote vinne vya Kigoma. Kafulila alishindwa, Muhambwe na majimbo yote mawili ya Kasulu yaliyokuwa ya chama hicho yalirudi Chama Cha Mapinduzi. Baadaye Machali na Kafulila wenyewe walijiunga na chama hicho na kushika nyadhifa serikalini. Wapo wanaoona kwamba hatua hiyo inafuta maana ya maneno ya mwaka 2014. Msimamo wa makala haya ni kwamba matini haifi kwa sababu mwandishi wake amehama. Michango imo katika Taarifa Rasmi, na kila msomaji ana haki ya kuipima kwa mantiki yake. Lakini matokeo ya 2015 yenyewe ni sehemu ya mapokezi ya matini, na mhakiki hawezi kuyapuuza. Hayathibitishi kwamba wapigakura wa Kasulu na Kibondo hawakuijali rushwa. Yapo mambo mengi yanayoamua uchaguzi, na uhakiki wa balagha hauna zana za kuyagawa. Yanachoruhusu kusemwa ni kidogo zaidi: umaarufu wa Taifa haukugeuka kuwa ulinzi wa nyumbani, na pengo lililooneshwa katika sehemu ya 4.3 ni mojawapo ya mahali ambapo mgeuko huo ungeweza kutokea na haukutokea.

6. Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba nguvu ya michango ya Kafulila kuhusu Akaunti ya Escrow ya Tegeta haikuwa katika ukali wake. Ilikuwa katika uamuzi wa kulihamisha swali kutoka kinywani mwa mbunge mmoja hadi mezani pa mkaguzi, na kutoka kwa mkaguzi hadi kwa Kamati na Bunge zima. Hilo ni funzo kwa wabunge wa vyama vidogo: asiye na kura anaweza bado kuamua nini kitachunguzwa. Aidha, yameonesha kwamba lugha ya wizi ililipa jambo umaarufu na kulinyima kina, kwa kuwa ilielekeza macho kwa watu na kuuacha mkataba kivulini.

Kuhusu swali lililoulizwa mwanzoni, jibu ni kwamba hoja hiyo ilikuwa ya Kasulu na Kibondo tangu neno la kwanza, lakini haikutamkwa kwa namna ambayo Kasulu na Kibondo zingeitambua. Mgawanyo wa hoja za Taifa na hoja za jimbo, unaotumika sana kuwapima wabunge, ndio uliozaa ukimya huo. Mtafiti atakayeendelea na eneo hili anashauriwa kuisoma michango ya Machali, Buyogera na Mkosamali katika mijadala ya bajeti ya nishati ya Bunge hilohilo, na kuilinganisha na ile ya wabunge waliowafuata baada ya 2015, ili kuona ni nani aliyeweza, kwa pumzi moja, kuutaja mkataba wa Dar es Salaam na mtambo wa dizeli wa Kibondo. Mtaa wa Kibondo uliokuwa gizani usiku wa tarehe 29 Novemba 2014 ulikuwa ushahidi tosha wa hoja iliyokuwa ikipigiwa kura Dodoma, ila hakuna aliyeusoma mbele ya Bunge.